Salamu ya Kichwa Mara Tatu

Aliyemuuza kaka yangu ni fundi cherehani. Naanza na hilo ili usije ukasoma mpaka mwisho ukimtafuta. Jina lake nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili kwa kalamu nyekundu. Binti yangu, ambaye ndiye aliyesoma na ndiye anayenisahihishia herufi, akalikata. "Mama, usitaje mtu." Haya, simtaji. Lakini nyumba yake na yangu zinatumia ukuta mmoja pale Rusimbi, Kigoma, na kwenye baraza la mafundi la soko la Mwanga cherehani yake ni ya tatu kutoka duka la vitenge. Mtaa mzima unajua.

Mimi shule yangu iliishia la nne, ng'ambo. Tulivuka ziwa nikiwa na miaka kumi na mitatu: mama, kaka yangu aliyekuwa na kumi na saba, na mimi. Ya vita sitaeleza. Watu wanapenda nieleze ya vita, wanakaa vizuri kabisa, wanaweka mkono shavuni. Ya vita yalinikuta sina la kufanya. Haya ninayoandika yalitokea mchana, sokoni, kwa watu tuliokuwa tukiazimana chumvi.

Wenzetu wengi wa siku ile walipakiwa wakapelekwa kambini, upande wa Kasulu. Mama alikuwa na shoga yake Ujiji, walijuana kwa biashara ya mawese, akatupokea uani kwake. Kwa hiyo hatukuwa kwenye orodha ya kambi, wala hatukuwa kwenye orodha ya mtaa. Tulikuwa katikati, na mama akaona dawa ni moja: tufanane.

Alitufundisha kama mtu anayefundisha sala. Mtoto hamwambii mkubwa "jambo", anasema shikamoo na kuinamisha kichwa. Sauti ya nyumbani isifike njiani. Kitenge chake kizuri alikikunja akakiweka chini ya godoro, akajifunga kanga mbili kama wanawake wa Ujiji. Kaka yangu alikuwa mwepesi, miezi sita tu unamsikia anazungumza unadhani kazaliwa nyuma ya msikiti. Mimi nilichukua muda.

Jambo moja lilimshinda mama kulitoa, nalo ni salamu ya kichwa. Kwetu, ndugu wakikutana baada ya siku nyingi hawapeani mkono tu. Unamshika mwenzio begani, unagusanisha pembe ya paji lako na lake, upande huu, upande ule, kisha unarudi upande wa kwanza. Mara tatu. Wanaume ndio zaidi, ila ndugu wa tumbo moja hatubagui. Mama akituona vichwa vinasogeleana alikuwa anaingiza kiganja katikati.

"Vichwa vyenu vikae shingoni," anasema. "Mkono unatosha. Hapa watu wana macho."

Basi tukawa tunapeana mikono, mimi na kaka yangu, kama karani na mteja.

Mama alifariki akiamini tumeiva. Mimi niliolewa na Muha, mvuvi wa Kagunga aliyehamia mjini, mtu mpole, na kwa ndoa hiyo nikapata pa kusimama. Kaka yangu aliishi nasi pale Rusimbi, lakini hakuwa na pa kusimama ila cherehani yake.

Sasa sikiliza habari ya cherehani. Alijifunza kwa mjomba wetu kule ng'ambo, na alikuja na kitu kichwani ambacho Mwanga hawakuwa nacho: mkono wa blauzi uliofura begani, unapanda kama kiota halafu unabana kwenye kiwiko, na haulali hata ukifuliwa mara ishirini. Wanawake wakauita mkono wa ng'ambo. Bi harusi asiyekuwa na mkono wa ng'ambo alisemwa. Wakamjaa barazani, na mafundi wa baraza ile wakamnunia, isipokuwa mmoja. Yule wa cherehani ya tatu alimsogelea kwa heshima, akaleta chai, akasema, "Mdogo wangu, nionyeshe." Na kaka yangu, mjinga wa watu, akamwonyesha. Wiki nzima alimkatia karatasi za magazeti, akamwonyesha mahali pa kuacha nafasi na mahali pa kukusanya marinda. Akala kwake. Alikuwa anacheka naye mpaka machozi. Na siku moja, kwa kucheka huko, akamsimulia habari ya kiganja cha mama, na vichwa. "Mpaka leo," akamwambia, "nikimwona mtu wa kwetu shingo inaniwasha."

Ukishafundisha mtu kazi na kumpa siri yako, umebaki na nini? Nilimuuliza hivyo kaka yangu. Akasema, "Nimebaki na rafiki."

Miaka michache ikapita, ikaja misako. Walikuwa wakipita wakubwa na gari, pamoja na mgambo, wakiokota watu wa nje wasio na karatasi na kuwapeleka kambini. Sitasema uongo: mji ulikuwa umejaa. Foleni ya bombani ilirefuka, kuni zilipanda, na wapo waliokuja na mambo yasiyo mazuri. Wenyeji walichoka, na mtu akichoka hachagui. Hilo nalielewa. Ninachokataa kuelewa ni cherehani ya tatu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya baraza, na ungo wangu wa dagaa na kisado cha kupimia. Gari likasimama. Wakapita cherehani kwa cherehani, wakiuliza maswali. Kaka yangu akajibu vizuri, shikamoo mahali pake, jina la mwenyekiti, jina la mjumbe, akamtania hata mgambo kuhusu suruali yake iliyoachia mshono. Mgambo akacheka. Wakaenda. Nikapumua.

Hawakufika mbali. Wakamshusha mzee mmoja nyuma ya gari, wakamwambia apite barazani taratibu. Nilimtambua kabla hajapanda ngazi. Alikuwa rafiki wa baba yetu, mtu aliyembeba kaka yangu mgongoni siku ya kuvuka mto mkubwa wa kijijini. Tulidhani amekufa. Sisi tulishamlilia.

Kaka yangu aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Mzee akasema, "Mutoto ya ndugu yangu!"

Kaka yangu alisimama, kiti kikaanguka, na kichwa kilikwenda chenyewe. Upande huu. Upande ule. Upande huu tena.

"Mara tatu!" mgambo akapiga makofi. "Fundi, ulisema kweli. Mara tatu hasa!"

Hakusema "fundi" akimwangalia kaka yangu. Alimwangalia wa cherehani ya tatu. Na yule akainama chini ya meza yake, eti anatafuta sindano. Aliitafuta mpaka gari likaondoka na kaka yangu.

Na mimi? Nilikuwa nimekaa. Niandike na hili, maana nimeanza kuandika makosa ya watu. Nilishika kisado kwa mikono miwili nikakitazama ndani. Mteja aliyekuwa mbele yangu akasema, "Mama, si kaka yako yule?" Nikasema, "Dagaa hawa ni wa jana, wamekauka vizuri." Ndivyo nilivyosema. Mama alinifundisha nifanane, na siku ile nilifanana kabisa.

Kutoka kambini ikaja habari: yupo, mzima, anakohoa. Akiletewa barua ya mtaa yenye muhuri na mashahidi wawili, kwamba watu wa mtaa huo walikaa naye na wanamtaka, shauri lake litasikilizwa. Mashahidi ni mjumbe na jirani wa ukuta.

Jirani wa ukuta. Nyumba yetu ina ukuta mmoja tu wa jirani.

Mume wangu akasema niende kimya kwa mwenyekiti, tutafute njia. Nikamwambia kimya nimeshakitumia, kimekwisha. Nikaomba jambo lisemwe kwenye mkutano wa mtaa.

Mkutano ulikuwa alasiri, kwenye uwanja wa shule, watu wamekaa juu ya madawati yaliyotolewa nje. Mwenyekiti akasoma ombi langu, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Lo! Kumbe kila mtu alikuwa na neno, lilikuwa linasubiri tu mlango.

Akaanza mpangaji wa nyumba ya kona, bwana mmoja mtumishi wa serikali, aliyeletwa kikazi kutoka nyanda za juu kusini. Mtu safi, anapiga pasi hata soksi.

"Ndugu wananchi," akasema, "mgeni si tatizo. Tatizo ni mgeni asiyetaka kufanana na wenyeji. Akae, lakini aache ya kwao. Salamu za kugonga vichwa hizi ndizo zinazoleta mashaka."

Mama mmoja muuza samaki, migebuka ya ziwani, akadakia kutoka nyuma. "Bwana mkubwa, wewe una miaka mitano hapa. Mawese unakula?"

"Tumbo langu halipatani nayo."

"Na dagaa?"

"Ninakula... nikitoa vichwa."

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. "Mgeni asiyetaka kufanana huyo!" mtu akapiga kelele. "Apelekwe kambini na soksi zake!"

Bwana yule alicheka pia, ni muungwana. Akasema, "Mimi nina barua ya uhamisho."

"Na yule alihamishwa na bunduki," mama wa migebuka akamjibu. "Bunduki haiandiki barua."

Nilitegemea kwamba atakayenisaidia ni bibi mmoja wa Ujiji, mkubwa kuliko wote pale. Babu zake walitoka Manyema, huko huko kwetu, tena si kwa hiari yao, mwenyewe husimulia. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanigeukia kama mwiba.

"Binti, sisi tulikuja zamani. Zamani si sawa na jana. Babu yangu alikuwa na chale za kwao usoni, akaoa hapa, akasilimu hapa, akazikwa hapa, na lugha yake akazikwa nayo. Mimi sijui hata neno moja. Ndiyo maana leo hakuna anayeniuliza. Nyinyi mnataka kuingia na mizigo yote."

"Bibi, hujutii hata neno moja?"

"Sijui nijutie lipi," akasema. "Si nimekwambia silijui?"

Watu wakaguna. Sikujua kama amenipinga au amenisaidia, na nadhani hata yeye hakujua.

Ndipo akasimama fundi. Alivaa shati jeupe. Hakunitazama. Akasema hana chuki na mtu, lakini kazi zimekuwa chache, wageni wanashona kwa bei ya kutupa, wenyeji wana watoto. Akasema ustaarabu wa mtu ni kwao, na kila ndege akae na kundi lake. Vitu vikichanganywa vinapoteza ladha.

Hapo ndipo niliposimama.

"Mwenyekiti, naomba wanawake waliovaa mkono wa ng'ambo wasimame."

Mwenyekiti akasema, "Hilo linahusu nini?"

"Linahusu ladha. Fundi amesema habari ya ladha."

Mama wa migebuka akasimama wa kwanza, na mikono yake imefura kama mapipa. Wakasimama wawili, wakasimama sita. Wengine walijifunika bega kwa kanga, niliwaona, na bado nawaona. Bibi wa Ujiji hakusimama kwa sababu ya miguu, lakini aliinua kiwiko, na alikuwa nao. Halafu, kwenye dawati la mbele, akasimama mke wa fundi. Blauzi ya kijani, mkono wa ng'ambo, kazi ya mumewe. Fundi akamvuta nguo akae. Hakukaa.

"Mkono huo," nikasema, "alikuja nao kaka yangu kichwani, kwenye mtumbwi, hana mzigo mwingine. Akamwonyesha fundi huyu, wiki nzima, kwa karatasi za magazeti. Leo mabinti wa Kigoma hawaolewi bila huo mkono. Mmeuchukua, nami nafurahi, uvaeni. Lakini msiniambie mkono ubaki, mwenye mkono aende."

Mtumishi akainua kidole, kwa nia njema, najua. "Mama, kuna njia rahisi. Andikeni kwamba kijana amezaliwa Ujiji. Wamanyema wako wengi, nani atapinga? Na wewe uahidi hapa mbele ya watu kwamba nyumbani kwenu mila za ng'ambo zimekoma. Muhuri unagongwa, tunaenda kunywa chai."

Watu wakaitikia, vizuri, vizuri. Hata mume wangu alinikonyeza nikubali.

Nikafikiri. Msidhani sikufikiri. Nilimwona kaka yangu anakohoa. Lakini nikajiuliza: uongo huo atakaa nao nani? Atakaa nao fundi, mfukoni, pamoja na futi yake ya kupimia, na siku atakayogombana nasi kuhusu maji ya kunawia atautoa. Ukweli wetu alishauuza mara moja. Uongo wetu angeuuza mara ngapi?

"Hapana," nikasema. "Andika amekuja. Andika alivuka, mwaka gani, na nani, alishukia wapi. Andika anasalimia kwa kichwa, mara tatu. Kisha andika tunamtaka. Kama hamumtaki, andikeni hivyo pia, nipeleke hivyo hivyo."

Mwenyekiti akafuta miwani. "Shahidi wa pili ni jirani wa ukuta," akasema polepole, kama mtu anayekanyaga matope. "Fundi, utatia saini?"

"Mimi? Mimi simjui kihivyo."

"Unamjua!" Sauti yangu ilifika njiani, mama anisamehe. "Hakuna aliye hapa anayemjua kama wewe. Umekula naye. Ulijua mpaka shingo yake inapowasha, ndipo ukaenda kuwaambia mgambo. Aliyetujua kiasi cha kutuuza anatujua kiasi cha kutushuhudia. Njoo utie saini."

Nilimtaja jina, kwa ukamilifu, na la baba yake. Siku ile binti yangu alikuwa tumboni bado, hakuwepo wa kulikata.

Fundi akawa rangi ya majivu. "Nikitia saini," akasema, "itakuwa nimekubali maneno yake."

"Usipotia pia umekubali," akasema mama wa migebuka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mke wake bado alikuwa amesimama. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake chakula kimepoa, "Baba watoto, nenda kaandike jina lako, twende nyumbani."

Akaenda. Mwandiko wake ni mzuri, lazima niseme. Aliandika kama anavyochora mstari wa mkasi, hakupinda popote. Alipomaliza alinipa kalamu mkononi mwangu, si mezani. Sijui alitaka nini. Nikaipokea, nikaiweka mezani.

Barua ilikwenda. Ilikaa, ikarudishwa, ikaenda tena. Nilipanda lori la Kasulu mara nisizoweza kuhesabu, nikiwa na mimba na kisha nikiwa na mtoto mgongoni. Mvua mbili zilipita. Sitawataja walionizungusha, ni wengi na kila mmoja alikuwa akifuata kazi yake. Fundi peke yake ndiye aliyefuata roho yake.

Kaka yangu alishuka Mwanga siku ya Jumanne, mchana, soko limejaa. Amekonda, shati linapwaya. Mgambo walikuwepo, mmoja wao yule yule wa makofi, anakula muwa. Mafundi wote waliacha kukanyaga cherehani. Kaka yangu akaniona. Akasimama mbali, hatua nzima, akaninyooshea mkono. Mkono mnyoofu, kama karani na mteja. Alikuwa amejifunza vizuri sasa, kuliko mama alivyoweza kumfundisha.

"Habari ya hapa, dada?" akasema, kwa Kiswahili cha Ujiji, safi.

Sikuupokea mkono. Nilitua ungo chini, nikavuka barabara. Nilimshika mabega, akawa mgumu, akaninong'oneza, "Dada, wanaangalia."

"Ndiyo," nikasema. "Na waangalie."

Nikagonga upande huu. Nikagonga upande ule. Alikuwa bado mgumu kama dawati. Mara ya tatu sikugonga mimi, kichwa chake ndicho kilichokuja.

Mgambo alitafuna muwa wake, akatema makapi, akaangalia pengine.

Kaka yangu anashona mpaka leo, cherehani ya mwisho barazani, na cherehani ya tatu bado iko ya tatu. Bado inashona mkono wa ng'ambo. Mke wa fundi tunasalimiana. Fundi mwenyewe sijamsalimia, na sitamsalimia. Wanaoniambia nisamehe waende kwanza wakatafute ile sindano chini ya meza. Lakini kila asubuhi kabla sijapanga dagaa wangu navuka barabara, napita mbele ya cherehani ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Kaka yangu anasimama. Tunagonga, mara tatu, polepole, ili asiyejua kuhesabu naye apate nafasi ya kujifunza.